Kijana akikwambia "dokta nina UTI": jinsi ya kumpima na kumtibu magonjwa ya zinaa bila kumpoteza

Wenzangu wa zahanati na vituo vya afya hapa Dar, hasa nyie mnaoanza kazi na mmepangiwa Mbagala, Tandale, Manzese, Buguruni huko, kuna sentensi moja mtaisikia mpaka mchoke, "dokta nina UTI", yaani maambukizi ya njia ya mkojo. Kijana wa miaka 17, 19, 22, anaingia, anakaa pembeni ya kiti, simu mkononi, macho chini, anasema ana UTI, mwingine anaongeza kabisa "UTI sugu". Sasa we ukimwandikia kipimo cha mkojo, majibu yakarudi usaha umejaa, ukampa sipro (antibayotiki ya siprofloksasini) akaondoka, ujue umeshampoteza. Huyo alikuja na gono (kisonono), au klamidia, bakteria mwingine wa zinaa, au vyote viwili, na hilo neno UTI kalitumia kama kanga ya kujistiri, ili usimuulize mengine. Mvulana wa umri huo kupata UTI ya kawaida ni nadra sana aisee. Mvulana anayefanya mapenzi, mkojo unauma kama wembe, we anza na magonjwa ya zinaa halafu UTI itafuata baadaye.

Mi nimeanzia kwenye zahanati upande wa Temeke, chumba cha pazia badala ya mlango, na karibu kila kitu ninachoandika hapa nimekijua kwa kukosea kwanza. Ntawaelezea ninavyomwona kijana kuanzia anaingia mpaka mwenza wake naye anatibiwa, maana hapo kwa mwenza ndo kazi inapoishia, sio kwenye sindano.

Na mtu asiwaambie hii ni kazi ndogo. Huko vijijini Mwanza, kati ya 1991 na 1994, waliboresha tu matibabu ya magonjwa ya zinaa kwenye vituo vya afya na zahanati za kawaida, wahudumu kama sisi wakafundishwa, dawa zikahakikishwa zipo, wakatembelewa kusimamiwa, na maambukizi mapya ya VVU yakapungua kwa kama asilimia 40 ukilinganisha na maeneo ambayo yalikuwa hayajaboreshewa. Dunia nzima iliusoma ule utafiti. Na ulifanyika kwetu, kwenye vyumba kama hivi tulivyonavyo.

Kabla hajafungua mdomo

Kijana anaamua kama atasema ukweli kabla hajafika kwenye kiti chako. Anaamua pale dirishani anapoandikisha jina. Nikiwa field, mwaka wa mwisho wa chuo, kwenye kituo kimoja nilichopangiwa niliwahi kumsikia mtu wa mapokezi anaita kwa sauti mbele ya benchi zima la kina mama na watoto wa kliniki, "wewe wa usaha, chumba namba tatu". Yule kijana alisimama, akavuta kofia ya sweta, akatoka nje. Nilimwona mgongo tu anavuka barabara kwenda duka la dawa ng'ambo. Hakurudi, na sijui aliuziwa nini kule. Kwa hiyo ongea na watu wa mapokezi, kaa nao vizuri kwa heshima, waombe kijana akisema ni "mambo binafsi" asiulizwe zaidi, apewe namba aje.

Ukiwa na mlango funga. Ukiwa na pazia, washa feni au sogeza viti muongee kwa sauti ya chini.

Akija na mama yake, msalimie mama kwanza, shikamoo mama, karibu, msikilize dakika mbili tatu kinachomsumbua mwanae, halafu mwambie "mama naomba utusubiri hapo benchi kidogo, kijana wa umri huu huwa namwona na wewe halafu namwona peke yake, nafanya hivi kwa wote". Hilo la "kwa wote" ndo linalomfanya mama asihisi kuna siri anafichwa. Wengi wanakubali. Anayegoma kabisa usigombane naye, mpeleke binti kutoa sampuli ya mkojo, na nesi amuulize huko huko njiani.

Mkibaki wawili mwambie hivi, kwa maneno yako lakini usiruke kitu: mdogo wangu, utakachoniambia humu kinabaki humu, isipokuwa kama kuna mtu anakuumiza au anakulazimisha, hapo ntatafuta wa kukusaidia na ntakwambia kabla sijafanya chochote. Hiyo ya mwisho usiiache eti asiogope. Ukimuahidi siri ya kila kitu halafu akakwambia baba wa kambo anamwingilia, utafanyaje sasa?

Maswali

Usiulize "una mpenzi?" Ataitikia hapana na atakuwa anasema kweli, maana yule wa jumamosi hamhesabu kama mpenzi. Usiulize "umeanza mapenzi?" kwa sauti ya kutega. Mi nauliza "mara ya mwisho kulala na mtu ilikuwa lini?" Nauliza kama vile namuuliza amekula saa ngapi. Halafu "na kabla ya huyo?" Halafu "kwa miezi mitatu hii jumla wangapi?" Halafu kondomu, ilikuwepo au haikuwepo, maana ukiuliza "unatumia kondomu?" kila mtu anatumia. Halafu njia, mbele, nyuma, mdomo, unauliza bila kukunja uso, kwa sababu gono inakaa kooni na njia ya haja kubwa bila dalili yoyote na usipouliza hautajua pa kuangalia.

Swali ambalo watu wanalisahau kabisa ni umeshameza nini. Hapa mjini mtu haanzii kwako, anaanzia duka la dawa muhimu, kauziwa vidonge viwili vitatu vya azuma (azithromaisini), au doksi (doksisaiklini) za siku mbili, au kapewa na mshkaji wake aliyebakiza. Mwambie akuonyeshe box au picha ya box kwenye simu, mara nyingi anayo. Dalili zinakuwa zimefifia, usaha umekauka, kipimo kinatoka safi, na mdudu yupo. Usimgombeze kwa hilo, alikuwa anajaribu kupona.

Halafu chukua kalenda mhesabu pamoja. Gono mara nyingi inajitokeza ndani ya siku 2 mpaka 7. Klamidia wiki moja mpaka tatu. Kidonda cha kaswende siku 10 mpaka 90, wengi wiki ya tatu. Ukihesabu na yeye, unakuta mwenyewe anakwambia "aah, basi ni yule wa kabla", na hapo umeshapata jina la mwenza bila kumbana.

Kumwangalia

Hapa naomba mnielewe, mtu akiwa na aibu sisi nasi tunashikwa na aibu, tunaishia kuandika dawa bila kumwangalia. Muangalie. Mweleze unachotaka kufanya kabla hujafanya, awepo mwenzako wa kukusindikiza, ikiwezekana wa jinsia ya mgonjwa, vaa glavu, taa iwepo.

Kwa mvulana, kama ana govi alirudishe nyuma mwenyewe, kidonda cha kaswende kinapenda kujificha hapo, hakiumi, kwa hiyo hata yeye anaweza asijue kipo. Usaha usipoonekana, mwambie akamue taratibu toka chini kuja juu. Akiwa ametoka kukojoa sasa hivi hautaona kitu, mwambie asubiri saa moja au mbili arudi. Maabara yako ikiwa na darubini na rangi ya Gram, ule usaha upake kwenye kioo, kwa mvulana mwenye dalili hicho kipimo ni kizuri sana, unawaona wale wadudu wawili wawili kama maharage yametazamana ndani ya seli, basi hiyo ni gono. Klamidia hautaiona kwa darubini. Mashine ya GeneXpert tunayoizoea kwa TB inayo katriji ya gono na klamidia pia, shida ni katriji kupatikana, kwa hiyo wengi wetu tunatibu kwa dalili na tunatibu vyote viwili.

Korodani sasa. Kijana akija na korodani moja imevimba inauma, kabla hujafikiria magonjwa ya zinaa jiulize imejinyonga? Korodani kujinyonga kunapenda sana hawa wa miaka 12 mpaka 18, inaanza ghafla, anatapika, korodani imepanda juu na imelala upande, ukimpapasa paja kwa ndani haivutiki juu kama kawaida. Una kama saa 6 kuiokoa toka maumivu yalipoanza, kwa hiyo usimpe vidonge akarudi kesho, mpigie simu wa Temeke, Amana au Mwananyamala, tafuta gari aende na asile kitu njiani. Kuna mmoja nilimwona saa 2 asubuhi, alianza kuumwa usiku wa manane, kakaa kimya kwa sababu alidhani ni gono na anaogopa shangazi yake. Alipofika hospitali walikuta imekufa, wakaitoa. Nikikutana na kijana wa hivyo leo siulizi maswali mengi, kwanza nampeleka.

Viganja na nyayo muangalie kila mtu. Siku moja kijana mwingine alikuja na malalamiko ya koo tu, nikamwandikia, akaweka mkono mezani asaini daftari, nikaona kiganja kina madoa ya kahawia yaliyofifia, mviringo, hayawashi, kama alama za sarafu zilizobanwa kwenye ngozi. Kugeuza mkono wa pili, hivyo hivyo. Kuvua viatu, hivyo hivyo. Kidonda alikuwa nacho miezi miwili nyuma, kikapona chenyewe, akashukuru Mungu. Ilikuwa kaswende ya hatua ya pili.

Wasichana

Kwa binti kitu cha kwanza ni kipimo cha mimba, hata kama anasema yuko kwenye siku zake, hata kama anaapa. Dawa zinabadilika, doksi haumpi mwenye mimba, na binti mwenye maumivu ya tumbo la chini na mimba inaweza kuwa imetunga nje ya kizazi, hiyo inaua. Kipimo kikitoka ndiyo na ni mwanafunzi, atalia kwanza. Mwache alie. Halafu mwambie kwamba toka mwishoni mwa 2021 serikali inaruhusu kurudi shule baada ya kujifungua, wengi hawajui wanadhani maisha yameisha pale pale kwenye kiti.

Kuhusu uchafu unaotoka ukeni, hapa ndipo tunapotibu sana bila kujua tunatibu nini. Mweupe mzito kama maziwa mgando unaowasha, hizo fangasi. Mwepesi wa kijivu unaonuka shombo ya samaki, hasa baada ya tendo, ni bakteria wa ukeni wamevurugika mpangilio. Yote haya mawili hayamaanishi mwanaume kamletea, mwambie wazi kabisa, nimeshaona uchumba unavunjika kwa fangasi. Ukimuuliza anajiosha na nini utasikia sabuni, shabu, majani, mvuke, vitu anavyouziwa huko mtandaoni vya kubana, na hivyo ndo vinavyovuruga, muombe aache, maji tu ya nje yanatosha. Wa kijani au njano, mapovu, kuwasha, wazia trikomona, kimelea cha zinaa.

Ila gono na klamidia zenyewe zinakaa kwenye mlango wa kizazi na kwa wasichana walio wengi hazitoi dalili yoyote. Na mabinti wadogo mlango wa kizazi bado haujakomaa, zile seli laini za ndani zimetokeza nje, klamidia inashika kirahisi kuliko kwa mama mtu mzima. Kwa hiyo binti haumwi chochote lakini kaja kwa sababu mwenza wake alitoka usaha, huyo mtibu, usisubiri dalili. Klamidia inapanda kimya kimya kwenye mirija ya uzazi, halafu miaka 10 mbele tunamwona anahangaika kutafuta mtoto.

Spekulamu tumia ile ndogo, ipashe kwa maji ya uvuguvugu, mwonyeshe kwanza mkononi. Ambaye hajawahi kuingiliwa usimwekee. Na pamba ya kipimo akitaka ajichukulie mwenyewe mpe ajichukulie, sampuli ya kujichukulia ni nzuri karibu sawa na yako na yeye hajavuliwa utu wake.

Akiwa anaumwa tumbo la chini, ukigusa mlango wa kizazi kwa vidole anaruka au ukibonyeza pembeni anaumia, na mimba hana, mtibu kama PID, yaani maambukizi ya kizazi na mirija yake, hapo hapo bila kusubiri uhakika. Hiyo ni sindano ya seftriaksoni pamoja na doksi na metronidazoli za siku 14, na umwone tena ndani ya siku tatu. Asipopata nafuu, au ana homa kali, anatapika, tumbo gumu, ana mimba, mpe rufaa. Na usisahau kidole tumbo nacho kinauma huko huko chini.

Vidonda

Kidonda kimoja, kigumu pembeni, hakiumi, mitoki haiumi, hiyo ni kaswende mpaka ithibitike vingine. Malengelenge madogo madogo yaliyokusanyika, yanachoma, yanapasuka, yanapona na kurudi, hiyo ni hepesi. Pangusa yenyewe inauma sana, inachimbika, mitoki inavimba mpaka inapasuka, sahivi hatuioni sana kama zamani. Kwa macho tu tunakosea mara nyingi, kwa hiyo ukiwa na shaka tibu kaswende na hepesi kwa pamoja.

Kitu cha kujua kwenye vipimo vya kaswende, kile cha haraka cha kidole kikishatoka ndiyo kitaendelea kutoka ndiyo maisha yote hata kama alitibiwa akapona. Nimeona watu wanachomwa penisilini kila mwaka kwa sababu hiyo. Kama alishatibiwa, mpime RPR au VDRL, vipimo vya damu vinavyotoa kiwango, uangalie namba inashuka au inapanda. Na kidonda kipya sana kipimo kinaweza kutoka hapana, damu bado haijaonyesha, kwa hiyo ukikiona kidonda mtibu hata kipimo kikikataa.

Mtoto na aliyelazimishwa

Mtoto ambaye hajabalehe akikutwa na gono, chukulia kafanyiwa ukatili, usitafute maelezo ya choo cha shule wala taulo. Binti wa miaka 14 anayekuja na "kaka" wa miaka 30 anayemjibia kila swali, mtoe huyo kaka nje.

Matibabu kwanza. PF3 ya polisi inatafutwa, lakini mtoto asikae benchi anavuja damu eti anasubiri fomu. Kama ni ndani ya saa 72, dawa za kuzuia VVU zianze sasa hivi, kila saa linalopita zinapungua nguvu. Dawa ya kuzuia mimba inafanya kazi mpaka siku 5 lakini mapema ndo bora. Nguo alizokuja nazo zihifadhiwe kwenye mfuko wa karatasi, plastiki inaozesha ushahidi. Andika alichosema kwa maneno yake mwenyewe kwenye faili, usiyapambe. Dozi za mtoto wa chini ya kilo 45 zinapigwa kwa uzito, usimpe za mtu mzima. Pale Amana kuna kituo cha Mkono kwa Mkono ambapo daktari, polisi na ustawi wa jamii wanakaa sehemu moja, vituo vya polisi vina dawati la jinsia na watoto, na 116 ni simu ya bure ya kusaidia watoto. Muulize mara moja tu, vizuri, kisha mkabidhi. Kila anayemuuliza upya anamrudisha kule kule.

Dawa

Kwa usaha, gono na klamidia zinatibiwa pamoja, seftriaksoni ya msuli sindano moja, na doksi miligramu 100 mara mbili kwa siku kwa siku 7, mwenye mimba anapewa azithromaisini gramu 1 badala ya doksi. Dozi ya seftriaksoni angalieni mwongozo wa matibabu wa Wizara toleo jipya, msitegemee ile karatasi ya ukutani iliyofifia, maana gono inazidi kuwa sugu na dozi zinapandishwa, zamani ilikuwa miligramu 250, Marekani walishapanda mpaka 500 toka mwisho wa 2020. Sipro kwa gono achaneni nayo. Ile sindano ya msuli ichanganye na lidokeini ya asilimia 1, maumivu yanapungua sana, ila hiyo iliyochanganywa isiingie kwenye mshipa hata siku moja, na uulize mzio kabla.

Doksi mwambie ameze na glasi nzima ya maji, akae wima, asimeze akalala, inachoma koo la chakula. Jua la Dar nalo litamchoma ngozi. Anayeendesha bodaboda mchana kutwa mwambie avae mikono mirefu. Kidonge cha kwanza ameze mbele yako.

Kaswende ya mwanzo ni penisilini ya benzathini yuniti milioni 2.4, nagawa tako hili na hili, sindano nene inauma, sukuma taratibu. Iliyokaa zaidi ya miaka miwili au isiyojulikana imeanza lini, mara moja kwa wiki kwa wiki tatu. Mwenye mimba ni penisilini tu, nyingine hazimkingi mtoto tumboni. Mwambie usiku atapata homa, kichwa, mwili kuuma, ni wadudu wanakufa, ameze panadol, vinginevyo atadhani umemchoma sumu na hatarudi. Adrenalini ya mzio mkali iwe mezani, sio stoo kabatini na ufunguo kwa mtu aliyeenda chai.

Siku hiyo hiyo mpime VVU. Toka marekebisho ya sheria ya 2019 mwenye miaka 15 anaweza kuridhia kupimwa mwenyewe bila mzazi. Kikitoka hapana mpangie cha miezi mitatu mbele, mwili unahitaji muda kuonyesha. Homa ya ini B, kama hajachanjwa mwanzishie. Na akiwa na mdogo wake wa kike wa miaka 9 mpaka 14 nyumbani, mkumbushe chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi, toka 2024 ni dozi moja tu.

Mwenza

Sasa tumefika panaponiumiza. Unampa mtu dawa nzuri kabisa, wiki ya pili yuko hapo hapo, usaha ule ule, na yeye anasema dawa zako feki. Kumbe alirudi kwa yule yule ambaye hakutibiwa.

Usimwambie "mlete mwenza wako" ukanyamaza. Hajui aseme nini. Kaa naye dakika 5 mtunge sentensi pamoja. Mi huwa nawaambia andika kwenye simu sasa hivi nikiwepo, "Mambo, nimeenda hospitali nimekutwa na maambukizi, dokta kasema na wewe upime hata kama husikii kitu, ni dawa za wiki moja tu, niambie tuende lini". Hamna nani kaanza, hamna lawama humo. Mwenye wenza watatu aandike mara tatu. Wote wa miezi hii mitatu, sio yule anayempenda tu. Anayeogopa kupigwa akisema, hiyo iheshimu, usimlazimishe, mpe kadi ya mwenza isiyo na jina la ugonjwa, au kwa ruhusa yake wewe mwenyewe mpigie huyo mwenza bila kumtaja.

Wasikutane mpaka wote wawe wamemaliza na siku 7 zimepita. Kondomu mpe mkononi, mwonyeshe inavyovaliwa kwa kutumia kitu chochote chenye umbo, usimwelekeze box la ukutani mbele ya watu. Mpe siku ya kurudi, siku ya 7. Akirudi bado usaha, muulize kwanza alilala na nani, pili alimeza zote, tatu muongezee dawa ya trikomona kama hakupata, na kama yote hayo sio, basi ni usugu, sampuli iende kuoteshwa kwenye maabara kubwa, usimzungushe na antibayotiki tatu nne. Baada ya miezi mitatu apimwe tena hata kama yuko salama, kurudiwa kwa vijana ni kwingi sana.

Halafu itafika siku mwenza atakuja. Mara nyingi ni jioni, baada ya saa za shule au kazi, kwa hiyo kama unaweza bakiza nafasi ya saa 9 mpaka saa 11. Atasimama mlangoni na ile kadi imekunjwa mpaka imekuwa ndogo kama ukucha, atakwambia "nimeambiwa nije lakini mi sina kitu dokta". Usimwambie kaletewa na nani, usimwambie mwenzio alikutwa na nini, hata akikubana. Mwambie karibu mdogo wangu, funga mlango, mpe kiti, na umuulize na yeye, mara ya mwisho kulala na mtu ilikuwa lini, na kabla ya huyo?